Mita 60 za Raha ya Dar es Salaam

Kila mshahara unapokata, watu wa Dar es Salaam huanza kupeana mbinu za kujiburudisha bila kuvunja kibubu: wapi chakula ni rahisi, wapi hakuna kiingilio, siku gani kuna muziki wa kusimama pembeni na kusikiliza. Mbinu hizo zinasaidia, na mimi nazitumia. Lakini zimetuzoesha kufikiri kwamba raha ya bei nafuu ni ujanja wa mtu binafsi, kana kwamba anayejua mji anafaidi na asiyeujua ameyataka mwenyewe. Mimi naona vingine. Kila mahali ambapo mkazi wa kawaida wa jiji hili anakula vizuri, anaona sanaa na kucheza muziki kwa elfu chache, pana kipande cha ardhi ambacho bado hakijawekewa geti, na pana mtu mwingine ambaye amebeba gharama. Vitu hivyo viwili vikiondoka, mbinu zote zitabaki maneno.

Tuanze na Coco, maana ndiko wengi wetu tulikoanzia. Ufukwe huu wa Oysterbay hujaa Jumapili kuanzia saa tisa alasiri. Watu wanatoka Manzese, Kimara, Mbagala, Gongo la Mboto. Watoto wamevalishwa nguo za sikukuu, na kuna familia zinazoshuka na hotipoti la pilau kutoka nyumbani, kwa hiyo pale wananunua maji tu na kukaa mchangani mpaka jua lizame. Asiyebeba chakula anakwenda kwenye mihogo. Muhogo unakatwa vipande virefu, unatumbukizwa kwenye karai la mafuta juu ya jiko la mkaa, ukiiva unapasuliwa katikati, unanyunyiziwa chumvi, unapakwa pilipili, unakamuliwa ndimu, kisha juu yake kachumbari. Pembeni kuna mishikaki, madafu, juisi ya miwa. Elfu mbili tatu zinamtosha mtu mzima kula na kuondoka ameshiba.

Muhogo huohuo, ukipikwa vizuri vilevile, unauzwa mara kadhaa ya bei hiyo kwenye migahawa inayotazama bahari hiyohiyo. Muhogo ni uleule na mafuta ni yaleyale. Kilichozidi ni bei ya kiti, ya mlinzi, na ya ukuta uliojengwa kati ya meza yako na watu wengine. Mteja wa Coco halipii kodi ya pango, kwa sababu mchanga anaoukalia ni wake kama ulivyo wa kila mtu. Hilo ndilo linaloshusha bei, wala si kwamba wauzaji wa Coco wana huruma kuliko wenzao.

Ndiyo maana mvutano wa muda mrefu juu ya nani aendeleze ufukwe ule, ambao ulifika hadi mahakamani, haukuwa ugomvi wa wenye fedha peke yao. Ulikuwa ugomvi juu ya Jumapili ya watu. Katika miaka ya karibuni wauzaji wamejengewa vibanda na eneo limepangwa upya, na binafsi sina tatizo na usafi wala mpangilio. Swali langu kwa kila mradi wa kupendezesha ufukwe ni moja tu: mama mwenye watoto watatu na hotipoti lake, asiyenunua chochote isipokuwa maji, ana mahali pa kukaa au hana? Kama hana, ufukwe umeuzwa, hata kama hati haijabadilika jina.

Kuna sheria inayogusa jambo hili, ingawa haikuandikwa kwa ajili ya starehe. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Waliotunga walikuwa wakifikiria mmomonyoko na uhifadhi wa pwani. Lakini kwa mkazi wa jiji, mita 60 hizo zina maana nyingine kubwa: ndizo ukumbi mrefu kuliko wote alionao, usio na tiketi. Zinaanzia Kigamboni, zinapita Msasani, zinakwenda Kunduchi na Bahari Beach.

Tatizo ni kwamba ukumbi huo hauna milango ya kutosha. Ukipita barabara za Msasani na Mbezi Beach utatembea kwa muda mrefu ukitazama kuta upande wa bahari, na kila baada ya kuta nyingi unakuta kichochoro kimoja, wakati mwingine chenye mlinzi anayekuuliza unakwenda kwa nani. Huyo mlinzi huenda hana mamlaka yoyote juu ya mchanga ulio mbele, lakini amesimama kwenye njia pekee ya kuufikia. Kwa hiyo ufukwe unaweza kuwa wa umma kisheria na wa watu wachache kwa vitendo. Mimi naamini njia za kufikia bahari ni suala zito kuliko hata umiliki wa ufukwe wenyewe, na halizungumzwi vya kutosha kwenye vikao vya halmashauri.

Upande wa kivuko mambo ni afadhali. Pantoni la Magogoni kwenda Kigamboni nauli yake ya mtembea kwa miguu ni shilingi 200. Ilipopandishwa kutoka 100 mwaka 2012 yalizuka maneno makali, na watu walikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu kwa anayevuka mara mbili kwa siku shilingi 100 ni pesa. Lakini tazama unachopata kwa 200 hizo ukiwa umekwenda kutembea tu: upepo wa bahari, meli kubwa zikiingia bandarini kwa karibu kiasi cha kusoma majina yake, minara ya makanisa ya Azania Front na Mtakatifu Yosefu ikionekana kutokea majini jinsi mabaharia wa zamani walivyoiona. Safari ni ya dakika chache. Inawezekana kwa sababu kivuko ni huduma ya serikali, chini ya wakala wake uitwao TEMESA, na hakikuwekwa pale kumpatia mtu faida. Nikiulizwa nimpeleke wapi mgeni kutoka bara ambaye hajawahi kuona bahari na sina hela, jibu langu ni pantoni, kisha Soko la Samaki la Feri.

Feri panastahili muda. Soko lile, lililojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, asubuhi ni tamthilia kamili. Ngalawa na boti zinaleta samaki, mnadi anamwaga fungu mezani, changu, kolekole, tasi, vibua, na bei inapanda kwa sauti moja baada ya nyingine huku wanunuzi wakikonyezana. Mgeni akisimama pale nusu saa bila kununua kitu hafukuzwi. Akitaka kula, kuna utaratibu ambao wenyeji wanaujua: mnaungana watu watatu au wanne, mnanunua fungu moja, mnampa kijana anayeparua magamba na kutoa matumbo mumlipe chake, kisha mnapeleka kwa wakaangaji wenye makarai makubwa, nao mnawalipa chao. Kila hatua ina mtu wake na bei yake ndogo. Mwishowe mnakula samaki aliyekuwa baharini usiku uliopita, kwa bei ambayo hoteli iliyo mtaa wa pili haiwezi kuikaribia. Tena mnakula mmejumuika, kwa sababu fungu halinunuliwi na mtu mmoja.

Kujumuika huko ndiko kunakoubeba mlo wa bei nafuu katika mji huu mzima. Kahawa chungu na kashata haziuzwi kwa mtu aliye peke yake. Zinauzwa barazani, pamoja na mjadala wa Simba na Yanga. Supu ya pweza jioni inanywewa watu wamesimama wakimzunguka muuzaji. Mitaa ya Kisutu na Upanga, ambako mapishi ya Wahindi na ya pwani yameingiliana kwa vizazi, utapata kachori, bajia, urojo na mishikaki, na hakuna anayekuuliza umekuja na nani. Mji wenye chakula cha namna hii una utajiri ambao haumo kwenye takwimu za pato.

Lakini utajiri huo unalipiwa, na anayelipa zaidi ni mama lishe. Sahani ya wali maharage au ugali dagaa ni rahisi kwa sababu ameamka saa kumi alfajiri, anatumia mkaa alionunua kwa kopo, hajilipi mshahara, na nusu ya wateja wake wanakula kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi. Tunapofurahia bei, tunafurahia kazi yake isiyohesabiwa.

Sera zetu zimemyumbisha. Mwishoni mwa 2018 wafanyabiashara wadogo walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, wakaambiwa wasibughudhiwe. Mwishoni mwa 2021 wakaondolewa pembezoni mwa barabara, Dar es Salaam ikiwa mstari wa mbele, wapelekwe kwenye maeneo yaliyotengwa. Naelewa hoja ya njia za waenda kwa miguu, na sitaki jiji ambalo mlemavu hawezi kupita. Kilichonisumbua, na kinanisumbua hadi leo, ni kwamba chakula kilihamishwa bila kumfikiria anayekula. Mama lishe anauza mahali ambapo watu wanapita. Mpeleke kwenye soko lililo mbali na kituo cha daladala, hata kama lina paa zuri na namba za vizimba, na umemwondolea wateja. Mafundi, makuli na vijana wa ofisini waliokuwa wakimtegemea nao umewaongezea bei ya mchana. Walichohitaji kina mama wale kwa miaka yote ni bomba la maji safi, choo cha karibu na mtu wa kuzoa taka. Hivyo ni vitu vidogo kuliko gharama ya kumhamisha mtu.

Tukija kwenye muziki, historia inatufundisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Enzi za dansi watu wa Dar walicheza kila wiki, na wengi walikuwa wafanyakazi wa viwandani na makarani. Waliwezaje? NUTA Jazz, ambayo baada ya kubadili majina mara kadhaa tunaiita Msondo Ngoma, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, yaani Sikinde, iliyoanza 1978, ilikuja kulelewa na DDC, shirika la maendeleo la jiji lenyewe. Vijana Jazz ilikuwa ya jumuiya ya vijana ya chama tawala. Jeshi, polisi na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) walikuwa na bendi zao. Wanamuziki walikuwa na mshahara, vyombo vilikuwa mali ya taasisi, na kumbi kama DDC Kariakoo na DDC Magomeni Kondoa zilikuwa za umma. Mcheza dansi akilipa kiingilio kidogo, sehemu kubwa ya gharama ilikuwa imeshalipwa na chama au jiji.

Sisemi enzi ile ilikuwa pepo. Mwanamuziki aliyeajiriwa na taasisi hakumiliki nyimbo zake ipasavyo, na wengi walizeeka bila chochote. Lakini uhasama wa Msondo na Sikinde, ulioigawa miji yetu kama Simba na Yanga, ulikua kwa sababu mtu wa kipato cha chini aliweza kuwepo ukumbini wiki hadi wiki na akajua kila mpiga solo kwa mtindo wake. Ushabiki wa aina hiyo haujengwi na tamasha moja la mwaka lenye tiketi ya elfu hamsini. Taasisi zilipojitoa baada ya mageuzi ya uchumi, gharama ilihamia mlangoni na kwenye chupa ya bia, na asiyekunywa akawa mtu asiyetakiwa.

Kizazi kilichofuata kikatafuta njia yake. Singeli, muziki wa mitaani wa kasi sana, ilizaliwa Manzese, Tandale, Mburahati na mitaa ya aina hiyo, kwenye sherehe ambako mtaa unafungwa, spika zinapangwa barabarani na yeyote anayepita anacheza. Anayelipa ni familia yenye harusi au ngoma ya mtoto, na wageni wanatuza. Muziki ambao leo unapigwa kwenye matamasha ya Ulaya ulilelewa na michango ya majirani. Malalamiko juu ya vigodoro, yaani mikesha ya muziki ya mitaani, nayajua, nami nimewahi kukosa usingizi: kelele usiku kucha, watoto wadogo katikati ya mambo yasiyowahusu, na vibaka. Polisi wanapokataza mikesha hiyo wana sababu. Ila mtaa usio na uwanja lazima utafunga barabara, na hakuna amri itakayobadilisha hilo. Angalia ndondo, yaani soka la mitaani. Palipobaki uwanja, kama Kinesi au Bandari kule Tandika, vijana wanajaa alasiri, wanasimama mstarini bure, wanashangilia mpira mzuri sana wa mchangani, na magharibi wanarudi nyumbani. Soka la mtaani halikuhitaji mkesha kwa sababu lilipata mahali pake.

Kwenye sanaa za maonyesho na uchoraji, Dar ina vingi kuliko inavyojisifu. Karibu na Morogoro Stores, Oysterbay, warithi wa Edward Saidi Tingatinga, mwasisi wa mtindo wa uchoraji wenye jina lake, aliyefariki mwaka 1972, bado wanachora. Yeye alianza na vipande vya mraba vya hadibodi na rangi za mafuta za kung'aa, zile za kupaka baiskeli, na mkondo huo unaendelea. Unaweza kusimama nyuma ya mchoraji ukaona anavyotandaza rangi ya chini kwanza, anaiacha ikauke, kisha ndege anatokea kwa vitone, manyoya moja moja. Hakuna kiingilio, na kuuliza maswali ni ruksa. Mwenge kuna wachonga vinyago, wakiwemo Wamakonde, wanaofanya kazi mbele ya macho yako. Mikocheni, kwenye eneo la viwanda vidogo, Nafasi Art Space imewapa wasanii studio ndani ya makontena tangu 2008, na maonyesho yake mengi yako wazi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tamasha la Kigoda cha Mwalimu, kiti cha uprofesa chenye jina la Mwalimu Nyerere, lilipoanza mwaka 2009, Wole Soyinka alizungumza pale Mlimani. Fikiria, mwandishi mwenye Tuzo ya Nobeli, na yeyote mwenye nauli ya kufika Mlimani aliweza kumsikiliza.

Nauli. Hapo ndipo ninapotofautiana na orodha zote za vitu vya bure. Maonyesho, filamu na muziki usio na kiingilio umejikusanya Oysterbay, Msasani, Mikocheni, Upanga na katikati ya jiji. Sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi 5,383,728 katika mkoa huu, na wilaya ya Temeke peke yake ina zaidi ya milioni 1.3. Mtu wa Mbagala Rangi Tatu akialikwa kwenye filamu ya bure Upanga saa moja usiku, anapanda magari mawili kwenda, na wakati wa kurudi daladala zimepungua, anaishia kwenye bodaboda kwa bei anayotajiwa. Akiwa na mke na watoto wawili, jioni hiyo ya bure imekula hela ya matumizi ya siku nzima au zaidi. Kibanda umiza cha mtaani kwake, yaani kibanda cha kuonyesha video, cha mia tano, chenye benchi la mbao na joto la kutisha, ni nafuu zaidi. Kwa hiyo akichagua kibanda umiza hajaikataa sanaa. Amepiga hesabu, na hesabu yake iko sawa.

Kuna kizuizi kingine ambacho si cha pesa. Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni, pale Mtaa wa Shaaban Robert, yapo tangu 1940, na ndiyo yanayohifadhi fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambalo mtafiti Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959. Kiingilio cha Mtanzania ni sehemu ndogo tu ya anachotozwa mgeni. Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, kiko jirani kabisa na stendi ya daladala ambayo maelfu ya watu wanashuka kila siku. Hata hivyo wengi wanaopita nje ya uzio huo miaka nenda rudi hawajawahi kuingia, na ukiwauliza wanakuambia pale ni kwa wazungu na wanafunzi. Geti, mlinzi na kibao cha bei vimewaambia hivyo kabla hawajafika dirishani. Makumbusho zetu zinalalamika kwamba wananchi hawana utamaduni wa kutembelea, lakini zinafunguliwa zaidi saa ambazo wananchi wako kazini.

Ningekuwa na sauti kwenye bajeti ya halmashauri tano za mkoa huu, nisingeanza na tamasha kubwa wala jengo jipya la utamaduni. Ningeomba kwanza kila njia ya umma iendayo baharini, kuanzia Kigamboni hadi Kunduchi, iwekwe kibao chenye nembo ya halmashauri, ili mlinzi wa jirani asipate la kuuliza. Halafu makumbusho ziachwe wazi hadi saa mbili usiku angalau siku moja ya wiki, na siku hiyo ipigwe ngoma inayosikika hadi stendi. Vituo vya utamaduni vya kigeni, ambavyo vimefanya mengi mazuri Upanga, viombwe kuleta projekta na wanamuziki wao Temeke badala ya kutuma mialiko. Na kwa Mbagala na Gongo la Mboto, kabla ya kitu kingine chochote, utengwe katika kila kata uwanja mmoja usiouzwa wala kukodishwa kwa maegesho, wenye taa, choo na bomba la maji kwa ajili ya kina mama wanaopika pembeni.